Debe la Somoe

Daftari la kikundi, ukurasa wa kwanza,
mwandiko wa marehemu Binti Chinduli,
wino wa buluu, pembeni umeingia maji:
"Walioshuka bondeni usiku ule, kumi na mmoja."
Majina hakuyataja. Labda hakuona haja.
Nani angesahau?

Mwaka ule mashine ya maji ilikufa Newala.
Fundi alitoka Mtwara, akala kuku, akaondoka na spana zake,
na wanawake wakalirudia genge la bibi zao,
ngata kichwani, unyayo ukiomba jiwe, jiwe likikataa.
Wakateka. Wakapanda. Walipokaribia juu
mmoja akateleza, debe likamponyoka,
likashuka likigonga mwamba baada ya mwamba,
ngo, ngo, ngongongo,
kisha kimya, kirefu kuliko genge lenyewe.
Ndipo mtu akacheka.

Kijijini wakaazima ndoo.
Kila debe likatoa kikombe.
Kila debe likapungua, hakuna aliyelala na kiu.
Kikombe ndicho kilichozaa kikundi:
leo ni elfu mbili kila Jumamosi,
na faini kwa mchelewaji.

Jumamosi basi, barazani kwa Esha Namkuna,
ming'oko inachemka, hisa zimehesabiwa,
msimu wa korosho umelipa au haujalipa,
lazima mtu aseme, "Mnakumbuka lile debe?"

"Mbalamwezi ilikuwa kali," Asumini anaanza.
"Mbalamwezi ya wapi? Hata kidole chako hukioni!"
Huyo Fatu Nangumbi, na wanabishana mpaka chungu kinakauka.
Siku hizi wameafikiana:
mwezi ulitoka baada ya debe kuanguka.
Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hivyo ndivyo ilivyo.

Mimi ni katibu, kazi yangu hesabu.
Tuko thelathini na wanne, na wote tulishuka.
Zaituni alikuwa darasa la pili.
Mwanaidi aliolewa hapa miaka sita baadaye, katokea Nachingwea.
Nami mwezi ule nilikuwa Ndanda hospitali,
homa ya matumbo, dripu mkononi,
nikihesabu mabati ya dari.
Sijui lini *wa* iligeuka *tu* mdomoni mwangu,
wakashuka, wakateka; tukashuka, tukateka.
Hakuna aliyenisuta.
Na maji yaliyonichuruzika shingoni, yalivyokuwa ya baridi,
niulizeni, nitawaeleza.

Mara moja tu Somoe alisema.
Alikuwa anamenya, hakuinua macho.
"Aliyeteleza si mimi. Ni dada yangu, Sharifa."
Sharifa tulimzika mwaka wa mvua nyingi,
hakuacha mtoto, hakuacha picha.
Kisu cha Esha kilisimama kwenye mng'oko.
Kisha mtu akauliza bei ya mnada wa Tandahimba,
na bei ikajibiwa, kwa kirefu.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuwa wengi barazani.
"Bibi Somoe, tuonyeshe!"
Akatutazama mmoja mmoja,
akaipandisha kanga, akaonyesha goti,
kovu lile ambalo sote tulikuwepo
jembe lilipomkata, shambani kwa Nambunga, mchana kweupe.
"Hapa," akasema. "Jiwe lilinichana hapa."
Watoto wakaligusa kwa zamu.

Nilifungua ukurasa wa kwanza, kalamu mkononi.
Nilitaka kuandika jina, Sharifa,
pale pembeni wino ulipoingia maji.
Karatasi ilikuwa laini mno, ingetoboka.
Nikalifunga daftari.
Nje watoto walikuwa wameshaanza,
wa Zaituni ndiye debe, anabingirika mchangani,
wengine wamepanga mstari, ngata za majani kichwani,
na wanabishana
nani alicheka kwanza.